Vidaka vya kuwekea vitu vya urithi katika nyumba ya tofali za inchi 6

Binti Pangani ameuliza:

Assalamu alaikum ndugu zangu.

Naomba ushauri wa mafundi, na wa yeyote anayeishi katika nyumba yenye vidaka, yaani nafasi za kuwekea vyombo zilizoingia ndani ya ukuta. Mwaka huu mimi na mume wangu tumekabidhiwa vitu vya marehemu bibi yangu mzaa mama: sahani 9 za kauri zenye maua, kubwa kuliko zote ikiwa na upana wa sentimita 34, mabuli 2 ya shaba, mrashi mrefu wa fedha, chetezo cha udongo kilichobanduka mdomo, Msahafu wenye jalada la ngozi, bunda la barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, na picha chache za harusi. Hadi leo vyote vimo ndani ya sanduku chini ya kitanda, na inaniuma kuona watoto wangu wanakua bila kujua sura za vitu hivi.

Nyumba yetu ipo Tanga, ni ya chini, imejengwa kwa tofali za saruji za inchi 6 na kupigwa lipu pande zote mbili. Ukuta ninaoufikiria ni ule unaotenga sebule na chumba cha kulala. Una urefu wa mita 4 na ushee na hauna dirisha. Kabati la vioo tumelikataa kwa sababu linakula nafasi, na vitu vikikaa ndani yake vinaonekana kama bidhaa za dukani. Ninachokitamani ni kile nilichokiona Lamu katika nyumba ya makumbusho ya Waswahili, ile ya karne ya 18 iliyokarabatiwa, ambamo ukuta mzima wa chumba cha ndani umegawanywa katika vidaka, kila chombo kikiwa kimekaa mahali pake na weupe wa chokaa ukikizunguka.

Fundi wa mtaani kwetu anasema kazi ni ndogo: atashika tindo na nyundo, achimbe ukuta uliopo, kisha apige lipu upya. Kabla sijamruhusu naomba kujua kama jambo hilo ni salama, na kama si salama, ni njia gani itakayonipa vidaka vya kweli badala ya rafu za kawaida. Naomba pia kujua namna ya kuvikinga vitu hivi na unyevu wa pwani.

---

Fundi wa Amu amejibu:

Waalaikumu salamu dada yangu, na Mungu amrehemu bibi yako.

Kazi yangu ni uashi wa nyumba za mawe, na zidaka, yaani hivyo vidaka, nimezikarabati nyingi, kwa hiyo nianze na kinachoziwezesha zile za Lamu kuwa jinsi zilivyo. Ukuta wa nyumba ya kale umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake ni kiasi cha nusu mita. Ndani ya unene huo unaweza kuacha uwazi wa sentimita 20 au zaidi na bado nyuma yake pakabaki ukuta kamili. Vyumba vyenyewe ni vyembamba na virefu, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko ambazo hazivuki sana mita 3, na ndiyo maana ukuta mrefu wa ndani ukapambwa kwa namna hiyo: mtu aliyekaa katika chumba chembamba hutazama ukuta huo kutwa nzima.

Tazama pia jinsi uwazi ulivyogawanywa. Hakuna shimo kubwa moja lililokatwa kwa rafu. Kila kidaka ni kidogo, kina mashavu yake pande mbili na upinde wake juu, na uzito wa ukuta unateremka kupitia mashavu hayo. Nakshi za ukingoni huchongwa kwa kisu wakati chokaa bado ina ubichi, kabla haijakaza. Ukienda Gede, kule Malindi, au Songo Mnara, kule Kilwa, utaona vidaka katika magofu ya nyumba ambazo ni za kale zaidi, vingine vidogo tu vya kuweka taa, na baada ya mamia ya miaka pembe zake bado zinasomeka.

Sasa ukuta wako una sentimita 15 za tofali. Fundi wako akichimba sentimita 10, nyuma pamebaki sentimita 5 za saruji iliyokwisha kutikiswa na tindo, na kidaka cha sentimita 10 bado hakilitoshi buli. Usimruhusu. Ukuta uache kama ulivyo, na zidaka zijengwe mbele yake.

Na kabla hujazungumza na fundi yeyote, vipime vitu vyako. Vitandaze vyote juu ya mkeka, pima urefu, upana na kina cha kila kimoja, kisha ongeza vidole vinne juu na vidole viwili kila upande. Hapo ndipo utajua unahitaji vidaka vya kimo gani na vingapi. Watu wengi huanza na mchoro mzuri wa mistari sawasawa, halafu mrashi ukawa mrefu kuliko vidaka vyote ukaishia kulazwa, na mrashi uliolazwa umepoteza umbo lake lote.

---

Mhandisi K. amejibu:

Ninaunga mkono aliyosema fundi, nami niongeze upande wa mahesabu, kwa kuwa jambo hili limewahi kuleta nyufa katika nyumba nilizoitwa kuzikagua.

Kanuni ambayo wahandisi wengi huifuata ni kwamba mfereji wa mlalo unaochimbwa ukutani usizidi sehemu moja ya sita ya unene wa ukuta, na ule wa wima usizidi theluthi moja. Kwa ukuta wa sentimita 15 maana yake ni sentimita 2.5 kwa mlalo na sentimita 5 kwa wima, na hiyo ni mifereji myembamba ya nyaya, wala si mashimo mapana ya kuwekea vyombo. Zaidi ya hayo, ukuta unaotenga sebule na chumba mara nyingi ndio unaobeba mbao za paa, na ndani yake mna mabomba ya nyaya za umeme ambayo mwenye nyumba hakumbuki yalipita wapi.

Njia ya kujenga mbele ya ukuta inawezekana, ila uzito wake si wa kupuuzwa. Ukijenga safu ya vidaka yenye kina cha sentimita 25 na kimo cha mita 2.1, na tukachukulia kwamba nusu yake ni uwazi, kila mita moja ya urefu itakuwa na uzito wa takribani kilo 500 hadi 600. Kwa nyumba ya chini yenye sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa vizuri, uzito huo kwa kawaida hubebeka. Kama sakafu yako ina nyufa au inalia ukiigonga, ikatwe ukanda wa sentimita 40 na kumwagiwa msingi mdogo kwanza. Anayesoma hapa akiwa na nyumba ya ghorofa asijaribu jambo hili juu bila mhandisi kulikagua tabaka linalobeba.

Mashavu ya vidaka yanaweza kujengwa kwa vipande vya tofali, na vitako vyake vikawa vibao vya zege vyenye unene wa sentimita 5, vilivyomwagwa chini kwenye fremu na kutiwa nondo nyembamba, kisha vikapandishwa vikiwa vimekauka. Kila baada ya safu mbili, ukuta mpya ufungwe na ule wa zamani kwa vipande vya nondo vilivyoingizwa katika matundu yaliyotobolewa ukutani na kugandishwa kwa gundi maalumu ya zege, ili usije ukaegemea mbele siku za usoni. Jambo hili mafundi huliruka kwa sababu halionekani kazi ikiisha, nami nakuomba usimame mwenyewe ulishuhudie likifanyika.

---

Seremala Mzee, Unguja amejibu:

Mwanangu, waliotangulia wamesema kweli, lakini usifungwe na uashi peke yake. Hapa Unguja tangu zamani jiwe na mbao zimefanya kazi hii pamoja. Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1844 na kumbukumbu zake zikachapishwa Ujerumani mwaka 1886, alivieleza vyumba vya utoto wake: kuta zilikuwa na nafasi zilizoingia ndani na kupanda hadi karibu na dari, na ndani yake mlikuwa na rafu za mbao zilizopakwa rangi ya kijani, zikipangwa vyombo vya kioo na kauri kwa mpangilio wa kulingana. Alisema watu hawakujali bei ya chombo kizuri ilimradi kipambe rafu zile. Kwa hiyo ukichanganya jiwe na mbao hujaharibu kitu, umefuata njia iliyokuwepo.

Mimi nakushauri hivi. Jenga kwa uashi sehemu ya chini tu, tuseme hadi kimo cha kiuno, uweke vidaka vikubwa vya mabuli na chetezo. Juu yake weka fremu ya mbao yenye vidaka vya kina cha sentimita 12, kwa kuwa sahani iliyosimamishwa haihitaji zaidi ya hapo. Hivyo unapunguza zaidi ya nusu ya uzito aliousema mhandisi, na sebule haikupotezei nafasi ya kupita.

Fremu hiyo usiitundike kwa vyuma vya pembe vinavyoonekana. Chukua ubao wa mninga au mkongo wenye upana wa sentimita 12, upasue kwa urefu huku msumeno umeinamishwa digrii 45, upate mbao mbili zinazokumbatiana. Mmoja ufunge ukutani, ukingo mkali ukitazama juu na mteremko wake ukielekea ukutani. Wa pili ufunge nyuma ya fremu ukiwa umegeuzwa. Ukiinua fremu na kuishusha, meno hayo mawili yanaumana, na kadiri fremu inavyokuwa nzito ndivyo inavyozidi kujibana na ukuta. Siku ya kupaka rangi mnainua watu wawili na fremu inatoka nzima bila kufungua skrubu hata moja. Chini ya fremu weka kipande kingine cha mbao chenye unene uleule, ili isimame timazi. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa maana upepo wa chumvi wa pwani hula skrubu za kawaida ndani ya mbao ambako huzioni.

Kwa sahani, chonga mfereji kwenye kila kitako kwa randa ya mifereji: kina milimita 6, upana milimita 12, umbali wa sentimita 4 hadi 6 kutoka nyuma kulingana na ukubwa wa sahani. Kingo za mfereji zisuguliwe kwa msasa hadi zisiwe na ukali. Ukingo wa sahani unaingia humo, mgongo wake unaegemea nyuma, na mlango ukibamizwa sahani haitelezi. Mbele weka ufito mwembamba kwa kimo cha vidole viwili. Wapo wanaofunga waya wenye springi kuizunguka sahani na kuitundika. Mimi siupendi, kwa sababu unaikaza sahani kila siku mahali pamoja, na kauri ya zamani ina nyufa ambazo jicho halizioni. Igonge kila sahani kwa ukucha kabla hujaipangia mahali: nzima hulia kwa sauti inayovuta, na yenye ufa hutoa sauti butu iliyokatika. Yenye ufa iende kwenye kidaka cha chini kabisa, ilazwe.

---

Binti Pangani amejibu:

Nawashukuru sana, fundi, mhandisi na wewe mzee wangu. Nimezigonga sahani zote, na mbili kati yake zina sauti butu, nami nilikuwa nimezipangia mahali pa juu kabisa.

Naomba kuuliza mambo mawili. Jirani yangu anasema jipsamu ingefanya kazi hii yote kwa siku chache na kwa gharama nafuu. Je, ana hoja? Na shangazi yangu anapendekeza sahani zikandikwe moja kwa moja kwenye lipu, nusu ndani nusu nje, zisiweze kuanguka wala kuibiwa.

---

Mhandisi K. amejibu:

Jirani yako ana hoja kwa vitu vyepesi. Vidaka vya jipsamu juu ya fremu ya chuma chepesi vinapendeza, na kuviwekea taa ndani ni rahisi. Tatizo ni kwamba kitako cha jipsamu chenyewe hakibebi. Lazima chini yake kuwe na mbao au chuma kinachofika ukutani, na mafundi wengi hawakiweki usipowadai. Tatizo la pili ni maji. Jipsamu ikinyonya unyevu kutoka kwenye ukuta ambao msingi wake haukuzuiwa maji, hulainika polepole, na huo ndio ugonjwa wa nyumba nyingi za pwani. Ukuta wako ukiwa na madoa ya chumvi au lipu inayobanduka kwa chini, jipsamu iondoe kabisa kwenye hesabu.

---

Mtunza Nyaraka amejibu:

Bibie, nimefanya kazi ya kutunza vitu vya kale kwa muda mrefu, na shauri la shangazi yako, ingawa linatokana na mapenzi, naomba mlikatae. Wazee wa pwani walizikandika bakuli za Kichina kwenye chokaa ya nguzo za makaburi, kama Kunduchi na Mambrui, na mahali pengi leo limebaki tundu la duara tu, kwa sababu chombo kilichogandishwa hakitoki ila kwa kuvunjwa. Nyie mna chombo ambacho wajukuu wenu watataka kukishika, kukigeuza na kuitazama alama ya kiwanda iliyo chini yake.

Kuhusu unyevu, ninyi mmechagua ukuta wa ndani, na huo ni uamuzi bora kuliko kifaa chochote mtakachonunua. Ukuta wa nje unaopigwa na mvua za masika hupitisha ubaridi na maji, na vitu vinavyouegemea hupata ukungu mgongoni. Hata hivyo acheni upenyo wa sentimita 1 kati ya mgongo wa fremu ya mbao na ukuta ili hewa ipite. Ule mtundiko wa mzee wetu wa Unguja unawapa upenyo huo bila kazi ya ziada.

Vitu vyenu havifanani katika mahitaji, na hapa ndipo ningependa mtulie. Kauri haidhuriwi na mwanga wala hewa. Adui yake ni kuanguka. Shaba na fedha hubadilika rangi, hasa zikiwa karibu na mpira, sufu, au mbao zilizobanwa kwa gundi ambazo bado mpya, kwa hiyo kidaka cha mrashi kisiwe cha MDF, na kisitandikwe zulia. Msahafu ulazwe, usisimamishwe, uwe juu ya vitu vingine vyote kwa heshima yake, na jalada lake la ngozi lisipakwe mafuta yoyote hata kama limekauka.

Barua na picha ni suala jingine kabisa. Wino na picha vikikaa kwenye mwanga hufifia, na kilichofifia hakirudi. Naomba sana zile barua zipigwe picha au zitolewe nakala nzuri, nakala ndizo ziwekwe kwenye fremu ndani ya kidaka, na zenyewe zihifadhiwe zikiwa zimekunjuliwa ndani ya boksi la karatasi isiyo na asidi, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu vinavyobadilishwa kila baada ya masika. Barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu ni hazina ambayo familia nyingi zimeichoma bila kujua. Mtafuteni anayezisoma wakati wapo wazee wa kuwaeleza majina yaliyomo.

Taa, kama mtaweka, ziwe za LED zenye mwanga mdogo, na ziwe nje ya kidaka zikimulika ndani, ili joto lisijikusanye juu ya vitu.

---

Binti Pangani amejibu:

Tumekaa na mume wangu tukaamua: sehemu ya chini iwe ya uashi hadi sentimita 90, yenye vidaka 4, na juu fremu ya mninga yenye vidaka 11 vya kimo tofauti, kimoja kikiwa kirefu kwa ajili ya mrashi. Barua zitapigwa picha kwanza. Fundi wa Amu, kama hutojali, naomba unieleze lipu ya vidaka vya chini iwe ya nini, kwa sababu fundi wetu hajawahi kutumia kitu kingine zaidi ya saruji.

---

Fundi wa Amu amejibu:

Uamuzi mzuri, dada. Tofali zenu ni za saruji, kwa hiyo tabaka la kwanza liwe la saruji na mchanga kama alivyozoea, lenye uso uliokwaruzwa ili tabaka linalofuata lishike. Tabaka la kumalizia ndilo liwe la chokaa na mchanga laini uliooshwa chumvi, sehemu moja ya chokaa kwa sehemu mbili au mbili na nusu za mchanga, lisizidi unene wa sentimita 1. Chokaa ilowekwe majini kwenye pipa mapema, siku nyingi kabla ya kazi, maana kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika na kushika. Mchanga wa ufukweni asiutumie hata kama uko karibu.

Pembe za vidaka azizungushe kidogo kwa kipande cha mbao kilichochongwa, asiziache kali, kwa kuwa pembe kali humeguka mtu akipitisha ufagio. Mkitaka nakshi ya mstari mmoja kuzunguka upinde, aichonge jioni ya siku ileile, chokaa ikiwa inapokea alama ya ukucha lakini haishiki kidoleni. Baada ya hapo uso unyunyiziwe maji asubuhi na jioni kwa muda wa wiki moja na ufunikwe kwa magunia yenye unyevu, kwa sababu chokaa hukaza kwa kuvuta hewa polepole, na ikikauka haraka hupasuka nywele nywele.

Msikimbilie kupanga vitu. Chokaa mbichi ina ukali unaodhuru ngozi na karatasi, na unyevu wake huchafua shaba. Subirini hadi weupe uwe mmoja ukuta mzima, bila madoa ya kijivu, kisha muda mwingine kama huo upite, ndipo mabuli yaingie. Fremu ya juu inaweza kutundikwa wakati mnasubiri, na sahani zikaanza kukaa mahali pake.